Taka, mkaa, LUKU na maji: pa kuanzia kwa anayepanga Dar

Kila nikipita uani na ndoo yangu ya maganda, lazima mtu aulize. "Hiyo si inanuka?" "Mie nimepanga chumba kimoja, nitaweza?" "Wanakulipa?" Kazini nako ni yale yale wakati wa chai. Nimejibu mpaka mdomo umechoka, kwa hiyo naandika mara moja jinsi ninavyopunguza taka, mkaa, umeme na maji nyumbani, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Tuelewane mapema. Sizungumzii kufunga sola wala kununua mswaki wa mianzi. Nimepanga Tabata, nyumba ya uani wa pamoja, mita moja ya umeme (LUKU, ile ya kulipia kabla) kwa wapangaji wanne, na maji yanatoka yakijisikia. Nilianza kwa sababu masika moja mkaa ulipanda bei mpaka nikawa naogopa kubandika maharage. Misitu niliifikiria baadaye. Na wewe nakushauri uanzie hapo hapo: angalia hela yako inavujia wapi, ziba tundu moja, likishaziba uende kwenye la pili. Usianze yote Jumatatu moja. Nawajua walioanza yote Jumatatu, na Ijumaa walikuwa wamerudi walikotoka.

Kabla ya kuanza, kusanya hivi

- Viroba vitatu vikuukuu vya unga au mchele.
- Ndoo mbili za rangi za lita 20, zenye mifuniko. Mafundi rangi huziuza kwa bei ya kutupa. Zioshe vizuri.
- Maranda ya mbao, kiroba kimoja, kutoka kwa fundi seremala wa mtaani kwako. Wengi hukupa bure, maana kwao ni uchafu.
- Kikapu kikubwa, khanga mbili tatu zilizochoka, na blanketi kuukuu au vipande vya godoro.
- Debe au kopo kubwa la bati lenye mfuniko unaobana.
- Daftari na kalamu. Simu pia inafaa, ila daftari lililoning'inia jikoni halisahauliki.

Kama kuna kitu hapo unataka kwenda kukinunua kipya Kariakoo, subiri. Uliza majirani kwanza.

Hatua ya 1: Tenga taka wiki moja, usibadilishe kitu

Weka viroba vitatu nyuma ya mlango wa jiko. Cha kwanza maganda na mabaki ya mboga. Cha pili chupa za plastiki, makopo na katoni. Cha tatu kila kilichobaki: pampasi, vifungashio vya biskuti, vumbi la kufagia. Ishi kama kawaida siku saba, kisha vinyanyue kimoja kimoja.

Utashangaa. Changu cha maganda kilikuwa kizito kuliko vile viwili vingine kwa pamoja, na ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi za Dar, kwa sababu tunapika vitu vibichi: ndizi, mchicha, viazi, nazi, machungwa. Ile harufu unayoilaumu gari la taka linapochelewa ni ya kiroba kimoja tu. Ukikishughulikia hicho, viwili vilivyobaki vinaweza kukaa wiki nzima bila kumsumbua mtu.

Kosa la wengi: kuanza kwa kuhangaika na plastiki kwa sababu ndiyo inayoonekana. Plastiki ni nyepesi. Anza na kilicho kizito.

Hatua ya 2: Mfuko ukae mlangoni

Hii ni fupi. Mifuko ya plastiki, yaani rambo, ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini kila safari ya sokoni bado tunarudi na mfuko mbadala mpya na vile vimifuko laini vya nyanya. Nyumbani kwangu ilifika mahali ile mifuko mbadala imejaa ndani ya mfuko mbadala mwingine.

Tundika kikapu au mfuko mmoja kwenye msumari ule ule unaotundika ufunguo. Uwe hapo hapo kwenye ufunguo, maana ukiuweka kabatini umeupoteza. Mwambie mama genge akumiminie nyanya moja kwa moja kikapuni; mara ya kwanza atakutazama, mara ya tatu atakuwa anakisogeza kikapu mwenyewe. Mafuta ya kupima nenda nayo chupa yako, iwe kavu kabisa, kwani tone la maji likibaki mafuta yatakurukia kwenye kikaango.

Hatua ya 3: Ndoo ya mboji

Mboji ni mbolea ya maganda yaliyooza. Hapa ndipo maswali mengi yalipo, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

a) Toboa. Pasha msumari mkubwa kwenye moto, ushike kwa koleo, toboa matundu kama kumi kwenye kitako cha ndoo na mengine kuzunguka ubavu, karibu na juu. Fanyia nje, moshi wa plastiki haufai. Ndoo zote mbili.

b) Iinue. Iweke juu ya vipande viwili vya tofali, chini weka beseni bovu la kukinga maji meusi yatakayodondoka. Mahali pawe na kivuli. Ndoo ikishinda kwenye jua la Dar, ndani kunakauka na kazi inasimama.

c) Tandika maranda chini, kina cha vidole vinne.

d) Kila jioni ukimaliza kupika, mimina maganda ya siku hiyo, yakiwa yamekatwakatwa. Bakuli moja la maganda, mabakuli mawili ya kitu kikavu juu yake: maranda, majani makavu ya mwembe, au katoni iliyochanwachanwa. Ganda lisionekane hata moja. Ukilisahau sharti hili, usinilaumu kwa nzi.

e) Kila siku ya tatu geuza kwa kijiti au mwiko uliostaafu, mpaka chini. Hewa ikiingia inaoza bila kunuka; ikikosa hewa ndipo inavunda.

f) Pima unyevu kwa ngumi. Chukua kiasi, kamua. Likitoka tone moja au mawili, sawa. Yakichuruzika, ongeza maranda. Ikibaki vumbi mkononi, nyunyiza maji ya kuoshea mchele.

g) Ndoo ikijaa, na haijai haraka kwa sababu vitu vinanywea, isogeze pembeni na uanze ya pili. Ile iliyojaa endelea kuigeuza mara moja kwa wiki. Kwa joto letu, miezi miwili hadi mitatu inatosha. Utaijua imeiva: nyeusi, inapukutika, inanukia kama ardhi mvua ya kwanza ikipiga.

Vinavyoingia: maganda ya ndizi, viazi na matunda, mashina ya mchicha, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa. Machicha ya nazi weka kidogo kidogo na uyachanganye, yakikaa bonge moja yanachacha. Visivyoingia: samaki, nyama, mifupa, ugali na wali, mafuta, kinyesi cha paka, pampasi. Kifuu cha nazi nacho weka kando. Humo ndooni kitakaa mpaka uhame, ila jikoni kinawasha moto vizuri sana.

Onyo kuhusu maranda: muulize fundi kama mbao zilipakwa dawa ya wadudu. Za dawa usichukue, hasa kama mboji itakwenda kwenye mboga.

Ukishaipata, changanya sehemu moja ya mboji na mbili za udongo, jaza kiroba, sia mchicha. Wiki tatu nne unachuma. Hutaacha kwenda gengeni kwa kiroba kimoja, tusidanganyane, lakini siku ya tarehe 27 mfukoni hamna kitu, kile kiroba utakitazama kwa jicho lingine.

Hatua ya 4: Maharage kwenye kikapu

Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Jambo jema. Ila leo jioni wewe una jiko la mkaa au mtungi unaoelekea kuisha, na maharage yanataka kupikwa. Fanya hivi.

Usiku uliotangulia, chagua maharage, yaoshe, yaloweke kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga yale maji kwenye mche wowote. Bandika kwa maji mapya, chumvi bado, funika. Yakianza kuchemka hesabu nusu saa ya mchemko wa nguvu, mfuniko juu.

Wakati huo andaa kikapu. Tandika blanketi au vipande vya godoro chini na pembeni, acha shimo la ukubwa wa sufuria. Nusu saa ikitimia, epua bila kufunua, futa masizi chini ya sufuria, ifunge kwa khanga mbili, itumbukize kikapuni, juu weka mto au blanketi lililokunjwa. Kusibaki mwanya. Nenda kafanye shughuli zako kwa muda wa saa nne.

Mara ya kwanza nilifunua baada ya saa moja kwa sababu sikuamini. Mvuke wote ukatoka, nikala maharage yanayogonga meno. Mara ya pili nilimpa mwanangu kazi ya kulinda kikapu, nikamwambia kikifunguliwa na mtu yeyote nitamuuliza yeye. Saa nane mchana nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni na harage likapasuka kwa kuligusa na kijiko. Kilichobaki ni kuyarudisha motoni kwa kitunguu na tui. Moto wa saa mbili na nusu ukawa wa chini ya saa moja.

Ya kuzingatia hapa ni manne.

- Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili. Maharage ya mtu mmoja kwenye sufuria kubwa yanapoa haraka.
- Ile nusu saa ya kuchemka usiikate, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayoondoka kwa mchemko wa kweli; joto la uvuguvugu haliiondoi, na tumbo litakueleza.
- Usiyalaze kikapuni usiku kucha. Chakula kikishuka kuwa vuguvugu kwenye hewa yetu hii kinachacha. Yatoe, yachemshe tena ndipo ule.
- Kikapu kisikae karibu na jiko linalowaka. Khanga na godoro vinashika moto kufumba na kufumbua.

Kama una presha kuka ya umeme, hatua hii iruke. Maharage yaliyolowekwa yanaivia humo bila kufika uniti moja.

Kwa wa mkaa: ukimaliza kupika, usiuache uungue mpaka majivu. Utie kwenye lile debe la bati kwa koleo, bana mfuniko. Ukikosa hewa unazima, na kesho unaupikia tena. Usiumwagie maji. Debe likae nje mpaka lipoe. Na hili nalisema kila mara: jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba mnacholala, hata kama linaonekana limezima, hata kama mvua inanyesha. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Hatua ya 5: Soma LUKU kabla ya kulaumu

Wiki moja, kila siku saa moja jioni, andika uniti zilizobaki kwenye daftari. Tofauti ya jana na leo ndiyo matumizi yako. Hesabu yake ni nyepesi: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kinakula uniti moja.

Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, mwanga karibu ule ule, haifiki uniti moja na nusu. Taa zako ukizibadilisha moja kila mshahara, hutaiona hela ilivyotoka.

Pasi ni mwizi anayejulikana: nyoosha nguo za wiki nzima Jumapili, usinyooshe shati moja moja kila asubuhi. Friji isogeze kidogo kutoka ukutani ipate kupumua, kisha bana noti mlangoni. Ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka na baridi unayoilipia inaishia sebuleni.

Mnaochangia mita, najua. Wewe unazima taa, jirani ana friji mbili za kuuza barafu, mwisho wa wiki mnachanga sawasawa. Daftari lenye namba za siku saba husaidia kuanzisha mazungumzo kuliko kununa. Kwetu tulikubaliana mwenye friji aongeze. Ilichukua vikao vitatu.

Hatua ya 6: Maji yafanye kazi mara mbili

Aliyekuwepo Dar Oktoba 2022, mto Ruvu uliposhuka na mgao ukaanza, hahitaji kuhubiriwa. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende kwenye miche. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yawekwe kwenye ndoo ya chooni, yatumike siku hiyo hiyo, yakilala yanaoza.

Mvua nayo ikija usiitazame. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kibanda cha mita 30 za mraba, mvua ya milimita 20, ni kama lita 600 zinazopita mbele yako kwenda mtaroni. Acha ya kwanza isafishe vumbi na vinyesi vya ndege, dakika kumi hivi, halafu ndipo ukinge. Ni ya kufulia na kudekia. Funika kila chombo: Dar imepata milipuko ya homa ya dengue, 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaliana kwenye maji yaliyotulia majumbani mwetu.

Hatua ya 7: Kiroba cha pili kipate mwenyewe

Chupa na makopo yakiwa makavu na masafi yana soko. Mwokota chupa anayepita mtaani kwenu anauza kwa kilo. Mpe kiroba kizima, umempunguzia kufukua jalala. Chako kilichobaki ndicho kinachokwenda na guta au gari la taka mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, na sasa ni kidogo.

Usichome taka uani. Na ile tabia ya kusubiri mvua kubwa ndipo mtu amwage kiroba mtaroni, naomba tu uikumbuke siku bonde la Jangwani linapofurika na mabasi ya mwendokasi yamesimama.

Mambo yakigoma

Ndoo inanuka. Imelowa sana au haina hewa. Ongeza maranda mabakuli matatu, geuza mpaka chini, siku mbili usiweke ganda. Ikinuka mkojo hasa, kikavu ni kidogo.

Kuna funza. Wakiwa wanene, wa kijivu, wana pingili, ni wa nzi askari mweusi. Wanakula maganda haraka kuliko wewe unavyoyaleta, na nzi wake haji kutua kwenye chakula. Waache, au mpe mwenye kuku. Funza wadogo weupe maana yake kuna mtu kaweka samaki.

Sisimizi wamehamia. Ndani ni pakavu mno. Nyunyiza maji, geuza.

Panya. Weka tofali juu ya mfuniko, na uchunguze nani anamwaga wali humo.

Mama mwenye nyumba hataki. Usibishane. Anza na ndoo moja nyuma kabisa, ukichuma mchicha wa kwanza mpelekee fungu. Wangu sasa ananiletea maganda yake.

Maharage hayaivi hata kwa kikapu. Yawezekana ni ya zamani, yamekaa ghalani. Yaloweke muda mrefu zaidi na uchemshe dakika 45 kabla ya kuyafunga. Yakigoma tena, badilisha duka.

Wa nyumbani wanachanganya viroba. Usiandike maneno, gundisha ganda la ndizi lililokauka kwenye kiroba kimoja na kizibo cha chupa kwenye kingine. Watoto wakishika, watu wazima wataona haya.

Unasafiri wiki mbili. Geuza ndoo, mwaga maranda juu kina cha vidole vinne, nyunyiza maji kidogo, funika, tofali juu. Utaikuta imeshuka nusu.